Kipandio cha Tatu

Taa sita za kijani ziliwaka kwenye skrini, moja kwa kila kituo cha kupima maji ya mto, na nje mvua ilikuwa inapiga madirisha ya ofisi yetu mjini Plovdiv tangu juzi bila kupumua. Nilizitazama huku nikizunguka meza. Nilipaswa kufurahi. Programu iliyoziwasha niliiandika mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, kwa miezi saba, na saa nne asubuhi wageni wa mkoa walikuwa wanakuja kuipokea.

"Zdravka, hebu kaa chini," alisema bosi wangu, Radostina, akikata banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, kwa ajili ya wageni. "Unanitia kizunguzungu. Taa zote kijani, mto umetulia. Unataka nini tena?"

"Kituo cha tatu hakijasema kitu tangu mvua ianze."

"Si ndivyo ulivyokipanga? Hakina la kusema, kinanyamaza. Laiti mume wangu angekuwa hivyo."

Kweli, nilikipanga hivyo. Ili kuokoa betri, kila kituo kiliamriwa kukaa kimya mpaka maji yafike alama nyekundu. Yakifika, kinaniarifu, na ving'ora vya kijiji chake vinalia. Upande wangu programu ilingoja. Kila kituo kina soketi yake, mlango wa kupitishia maneno, na kuna amri moja, poll, unayoikabidhi milango yote kwa mpigo. Inalala, na inaamka tu mlango mmojawapo ukiwa na neno la kusomwa, au ukiwa tayari kuandikiwa. Mwishoni mwa amri hiyo unaandika muda wa kungoja, kwa milisekunde. Mimi niliandika hasi moja, maana yake ngoja hata milele. Nilijivunia sana hiyo hasi moja: mashine isiyosumbua mtu.

Ila kituo cha tatu kimefungwa kwenye nguzo nyuma ya nyumba ya baba yangu, Gencho, katika kijiji cha Gorno Kamene. Ana miaka sabini na tisa, anaishi peke yake. Zamani alinipigia simu mara nane kwa siku: kuku ametotoa, miwani imepotea, jirani yake Penka kanuna. Siku moja, mbele ya wenzangu, nilimkaripia. "Baba, niko kazini. Maji yakifika kipandio cha tatu cha ngazi ya uani, piga. Chini ya hapo, niache." Akasema sawa. Tangu siku hiyo hajapiga hata mara moja, nami, niseme ukweli, niliona raha.

Saa tatu na nusu kituo cha pili, juu ya kijiji, kikageuka chekundu. Dakika chache baadaye cha nne nacho, chini ya kijiji. Cha tatu, katikati yao, kilibaki kijani.

Radostina aliweka kisu mezani. "Maji yanarukaje kijiji?"

"Hayaruki."

Nilifungua msimbo wa programu, nikaongeza mstari wa kuiuliza poll kama soketi ya kituo cha tatu iko tayari kuandikiwa. Jibu likaja papo hapo: tayari. Nikashusha pumzi, kisha nikajiona mjinga wa kutupwa. Utayari ule haukuwa wa kituo. Ilikuwa kompyuta yangu ikiniambia kwamba kwake kuna nafasi ya kuweka barua; kama huko mbali kuna wa kuipokea, haijui. Nilituma neno moja hata hivyo. Halikujibiwa. Na taa ikaendelea kuwa kijani, kwa sababu mimi ndiye niliyempaka kijani kila anayenyamaza.

"Ita zimamoto wa Gorno Kamene," nilimwambia Radostina. Mimi nikampigia baba. Simu iliita mara kumi na moja.

"Ehe," alisema. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo.

"Baba, uko wapi?"

"Niko kwenye ngazi ya uani na paka. Kwani leo huna kazi?"

"Maji yako wapi?"

"Kipandio cha pili." Nadhani alikuwa anachungulia. "Bado vidole viwili hivi kufika cha tatu. Ulisema cha tatu."

"Na ile nguzo ya kipimo?"

"Ilikwenda jana jioni ukingo ulipomeguka, pamoja na banda la kuku. Nikasema nisikusumbue."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na machozi yakanitoka mbele ya bosi na banitsa yake. "Baba, inuka. Toka kwa mlango wa mbele, panda mpaka kanisani. Sasa hivi."

"Penka nilimpeleka alfajiri. Mimi nilimrudia paka tu, hakamatiki. Na sina viatu vya maana."

"Toka hivyo hivyo. Usikate simu."

"Sina la kusema, Zdravka."

"Usiseme. Acha nikusikie."

Nikasikia mlango, kisha maji, kisha miguu ikiyapasua maji hatua kwa hatua. Wageni waliingia na miavuli yao. Radostina aliwazuia mlangoni kwa sauti ya chini. Nikabana simu begani, nikafuta ile hasi moja, nikaandika elfu tano. Kila baada ya sekunde tano za ukimya, programu iamke, iulize, na asiyejibu apakwe rangi nyekundu.

"Upo?"

"Nipo." Alikuwa anahema.

Nikahesabu moja hadi tano.

"Upo?"

"Nipo. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba."

Tena nikahesabu. Maji yalisikika makubwa zaidi, na kwa mbali paka akalia.

"Upo?"

"Aa, unasumbua sasa," alisema baba, na viatu vyake vikaanza kukanyaga changarawe ya njia ya kanisani. Sikuacha kuhesabu.