Nafasi ya Tatu

Mwaka wa 1970, sikukuu ya Jamhuri iliangukia Jumamosi, na asubuhi hiyo kulikuwa na mbio za barabarani kutoka Dagoretti Corner hadi mbele ya Posta, katikati ya jiji. Zilikuwa maili nne na ushee. Kiwanda kimoja cha mablanketi kilikuwa kimetangaza kwamba wanaume watatu wa kwanza wataingia katika timu yake ya riadha, na kila mmoja atapewa kazi ya kudumu na chumba katika nyumba za wafanyakazi.

Zadock Ajwang alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alikuwa kibarua wa kupaka rangi nyumba za baraza la jiji pale Woodley, leo yupo, kesho haitwi. Alikaa Mutuini na mkewe Milcah na binti yao Peres, katika chumba walichopangishwa na mama mmoja aitwaye Nyakio. Tangu Machi walikuwa pia na Shem, mdogo wake Zadock, kijana wa miaka ishirini, aliyelala jikoni. Ni Zadock aliyemwita kutoka kwao Nyanza. Alimwandikia barua fupi: una miguu, njoo nikufundishe.

Na alimfundisha kweli. Kila alfajiri, kabla ya kazi, walikimbia wakifuatana hadi soko la Dagoretti na kurudi. Kufikia Novemba Shem angeweza kumwacha kaka yake wakati wowote alioutaka. Hakumwacha. Alibaki nyuma ya bega lake kwa heshima, akipumua taratibu kama mtu anayetembea.

Ijumaa jioni, wakila, Zadock alieleza mpango.

"Mimi nitakaa mbele, nikukingie upepo na kukuonyesha mwendo. Tukimaliza Valley Road, nitakuachia njia. Hapo wewe nenda, usiangalie nyuma."

"Na wewe?" Shem aliuliza.

"Mimi ni mzee. Ukipata chumba, sisi sote tumepata."

Milcah alimtazama mumewe, akatabasamu, akamwongezea mboga.

Mbio zilianza saa nne. Wakimbiaji walikuwa kama sitini, na jua la Desemba lilikuwa limeshaanza kuilainisha lami. Wanaume wawili wakachomoka mapema, wala hawakushikika tena. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, na walioifukuzia walikuwa watatu: Zadock, Shem, na jamaa mrefu wa Kinoo aliyeitwa Mukonyo.

Walipofika Woodley, wapaka rangi wenzake Zadock walikuwa wamejipanga kando ya barabara. Walipomwona wakaruka juu. "Ajwang! Ajwang! Kumbe ni wewe!" Mmoja alikimbia pembeni yake hatua chache, akicheka kwa furaha. Katika maisha yake Zadock hakuwahi kusikia jina lake likiitwa namna hiyo. Msimamizi alizoea kumwita "wewe wa ngazi". Kitu fulani kikamwingia kifuani, na miguu yake, iliyokuwa imeanza kuwa mizito, ikapata nguvu upya.

Kwenye mteremko wa Valley Road walimwacha Mukonyo. Walipopanda kile kilima kifupi cha upande wa pili, barabara ya Kenyatta ikafunguka mbele yao, watu wamejaa pande zote mbili. Hapa ndipo palipokuwa pa kuachia njia.

Shem akaja sambamba naye. Hakuwa amechoka, Zadock alimsikia anavyopumua.

"Niende?" Shem aliuliza.

Zadock alibaki katikati ya njia.

"Ndugu yangu, niende?"

Angeweza kuitikia kwa kichwa tu. Alilijua hilo siku hiyo, akalijua kila siku baadaye. Lakini alikaza macho mbele, akakunja ngumi, akaongeza mwendo. Shem alirudi nyuma ya bega lake, mahali pake pa kila alfajiri, akabaki hapo mpaka mwisho. Zadock alikuwa wa tatu. Shem alikuwa wa nne, hatua mbili nyuma.

Watu walimbeba Zadock juu juu. Alipowekwa chini, Shem alimpa mkono.

"Umekimbia vizuri," alisema, kisha akaenda kumtafutia maji.

Milcah alikuwa pale na mtoto mgongoni. Walipofika nyumbani ndipo aliposema.

"Baba Peres, alikuwa anakungoja. Mimi nilimwona. Kila mtu alimwona."

Jumapili nzima Shem alichota maji, akapasua kuni, akamchezesha mtoto. Kila alipokaribia, Zadock alijitafutia kazi nyingine.

Jumatatu asubuhi Zadock alikwenda kiwandani. Karani wa timu, Bwana Athman, mtu wa Lamu, alimkaribisha kwa adabu, akafungua kitambulisho chake. Akakisoma mara mbili.

"Bwana Ajwang, umezaliwa mwaka wa thelathini na saba?"

"Ndiyo, bwana."

"Subhanallah. Wakubwa wamesema asizidi miaka ishirini na mitano. Hukuambiwa?"

Zadock alisogea mbele. Alishika meza kwa mikono yote miwili.

"Basi mchukue wa nne. Ni mdogo wangu. Ana miaka ishirini. Ananishinda, bwana, naapa ananishinda. Mimi ndiye niliyemzuia."

Athman alivuta orodha ya majina, akalitafuta jina la wa nne.

"Mlete leo, kabla ya saa kumi. Kesho orodha inapelekwa juu, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Zadock alitoka mbio. Kutoka Industrial Area, kilipokuwa kiwanda, hadi Mutuini ni mbali. Alidandia lori la mchanga hadi Dagoretti, akakimbia sehemu iliyobaki. Alimkuta Milcah ameketi mlangoni, mikono mapajani.

"Amekwenda," Milcah alisema. "Saa tatu. Amesema anarudi nyumbani, hataki kutusumbua tena. Nilimwambia akungoje. Amesema amekwisha kungoja."

Zadock akageuka, akarudi mjini kwa njia ile ile. Alipofika stendi ya mabasi ya mashambani, basi la Kisumu lilikuwa limeondoka saa nzima iliyopita. Alisimama akiwauliza makuli kama walimwona kijana mrefu, mwembamba, mtaratibu. Hakuna aliyemkumbuka. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na robo.

Alimwandikia mama yao siku hiyo hiyo, Shem arudi haraka, huenda Athman akapata njia nyingine. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, limeandikwa na mwalimu wa shule ya pale kijijini. Mama alisema wote ni wazima na mvua imenyesha. Kisha akauliza Shem arudi kutoka wapi, na je, hawako pamoja tena, kwa maana hajamwona wala kupata barua yake tangu alipoondoka Machi.

Milcah alimsomea barua hiyo hadi mwisho, akaikunja.

"Utamwambia nini?" aliuliza.

Zadock alikaa kitandani, kalamu mkononi, karatasi magotini. Aliandika "Mama mpendwa", kisha hakuandika tena.