Tonge la Ijumaa

Mume wangu Getnet ana ugonjwa ambao hakuna daktari aliyewahi kuupima: hawezi kula mahali pa kwanza. Chakula kiwe kizuri, bei iwe ya kawaida, yeye ataamini tu kwamba ukikata kona moja mbele utapata kizuri zaidi kwa nusu ya bei. Nyumbani Addis Ababa ugonjwa huo haumdhuru mtu, maana kona ni nyingi na kila kona ina mama anayepika mchuzi wa shiro. Lakini siku ninayoisimulia tulikuwa ugenini, Jibuti, jua limetukalia utosini, na binti yetu Mahlet ana kisukari.

Tulikuwa wanne. Getnet na simu yake, mimi na mkoba wa dawa, Mahlet wa miaka minane, na Emama, mama yake Getnet, aliyekuwa ametuambia miaka nenda miaka rudi kwamba hafi mpaka aione bahari. Tukajinyima, tukapanda treni, tukamleta. Asubuhi ile tulimpeleka ufukweni. Aliitazama bahari, akasema, "Kubwa," kisha akauliza kama mji huu una kanisa.

Ilikuwa Ijumaa, ambayo kwetu Wakristo wa Ethiopia ni siku ya mfungo, kama Jumatano. Hatugusi nyama, maziwa, mayai wala samli. Emama huenda mbali zaidi: hata tone la maji halipiti kooni kwake mpaka saa tisa alasiri, na mtaa mzima unajua, kwa sababu yeye mwenyewe huhakikisha kwamba unajua. Mahlet alipotimiza miaka saba alitaka kufunga kama bibi yake. Padri akakataa, akasema mgonjwa hafungi. Emama akaafiki kwa shingo upande: mtoto ale saa zake, lakini ale cha mfungo. Mkaza mwana kwetu hana usemi mbele ya mama mkwe, ana uso tu, na wangu nilikuwa nimeuzoesha kutabasamu.

Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta chakula cha mfungo, cha haraka, cha bei ya watu wanne wenye mfuko mmoja.

"Faranga elfu mbili kwa sahani ya wali?" Getnet alisema nje ya mgahawa wa kwanza. "Kwa hela hiyo kwetu tunalisha na majirani."

"Majirani hawapo, Baba Mahlet. Tuingie."

"Subiri. Hapa wameandika kuna pengine, mtaa wa pili tu."

Mtaa wa pili ulikuwa wa nne. Pale napo akasoma ubao wa bei, akatikisa kichwa. Tukaenda. Nilikuwa namwangalia Mahlet, naangalia vivuli vikifupika chini ya miguu yetu.

Mwishowe tukapata mgahawa wenye meza za bati. Getnet alipoona bei, akacheka peke yake kama aliyeokota. Mhudumu akatuambia maharage yako tayari, anapakua tu.

"Haraka?" nilimuuliza.

"Mama, hata hujakaa yamefika."

Nikamwamini. Nikamfunua Mahlet tumbo kidogo chini ya meza, nikamdunga sindano yake ya insulini. Anayemlea mtoto wa namna hii anajua: sindano ikishaingia, chakula lazima kifuate. Dawa itateremsha sukari iwe imekuta kitu tumboni au haikukuta, na sukari ikishuka sana mtoto anazimika. Hapo hakuna habari ya kona.

Maharage yalikuja kweli upesi. Yalikuja yanang'aa, juu yake kumeelea samli ya manjano kama kidimbwi.

Emama alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, kinywa kimefungwa kwa imani. Akanyoosha kidole kimoja, akaisukuma sahani mbali na Mahlet.

"Leo Ijumaa," alisema.

Mhudumu akasema vyote vina samli au nyama, hata mkate umepakwa. Tena akaomba tufanye hima, wanafunga mgahawa, watu wanakwenda msikitini. Nilimtazama Getnet. Getnet alimtazama mama yake. Nilitaka kusema, "Mtoto keshadungwa, na ale samli, dhambi niandikiwe mimi." Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini Mahlet mwenyewe alikuwa amekwisha kushuka kitini, amemshika bibi yake mkono, na mkobani mwangu nilijua nina pakiti ya biskuti. Nilikuwa nazo kwa ajili ya dharura kama hiyo. Nikajiambia, biskuti zina maziwa, lakini nitampa nyuma ya ukuta, Emama asione. Nikainuka.

Tulipotoka, mji ulikuwa umetoweka. Milango ya maduka imeteremshwa, viti vimepinduliwa juu ya meza, barabara nyeupe tupu. Getnet aligonga mlango wa duka moja, akagonga wa pili. Mbwa alituangalia kutoka kivulini, akaona hatumhusu.

Nilimshika Mahlet mkono. Ulikuwa umelowa jasho na ulikuwa baridi. Katika joto lile, baridi.

"Miguu yangu imekuwa ya mtu mwingine," alisema.

Nikaingiza mkono mkobani. Sindano, dawa, kitambaa, chupa ya maji. Nikapapasa tena. Nikachuchumaa, nikakumunta kila kitu barabarani.

"Mahlet, biskuti ziko wapi?"

"Nilimpa mtoto mmoja kule ufukweni."

"Zote?"

"Zina maziwa," alisema, akamtazama bibi yake. "Na leo Ijumaa."

Alikuwa anangojea kusifiwa. Nami nilimtazama Emama, na safari hii uso wangu haukutabasamu. Miaka tisa ya ndiyo Emama, sawa Emama, ilinitoka machoni yote mara moja. Aliiona.

"Baba Mahlet," nilisema, "tafuta sukari. Si mgahawa. Sukari. Kimbia."

Akakimbia, simu mkononi.

Nikambeba Mahlet mgongoni, mtoto mkubwa, miguu yake inanigonga magotini, na Emama nyuma yangu anahema. Tulikata kona moja, na mbele kulikuwa na mwavuli mwekundu uliopauka. Chini yake ameketi mwanamke mnene, mafungu ya miraa mbele yake yamefunikwa gunia bichi. Treni na malori huleta miraa kutoka kwetu kila siku, na inapofika adhuhuri mji wote huingia ndani kutafuna. Wanabaki wauzaji, wakingojea mchelewaji.

"Saa hizi barabarani hutembea majini tu," alituambia kwa Kiamhari chepesi, cha mtu aliyezoea kubishana bei na watu wetu. "Ninyi ni majini wa wapi?"

"Dada, mtoto wangu ana kisukari. Nimemdunga na hajala."

Utani ukamtoka usoni. Jina lake lilikuwa Kadra, alituambia baadaye. Alivuta kigoda kwa mguu, nikamkalisha Mahlet, naye akamimina chai kutoka kwenye chupa: chai ya maziwa, nzito, tamu kiasi kwamba niliisikia harufu ya sukari kabla haijafika. Hata shukrani sikutoa. Nilipeleka kikombe mdomoni kwa mwanangu.

Mahlet akabana midomo.

"Kunywa, mama. Kunywa kidogo tu."

Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yananitazama lakini hayanioni vizuri. Sukari ikishuka, watoto wengine hulia, wengine hucheka. Wangu huwa mkaidi, hung'ang'ania wazo la mwisho alilokuwa nalo. Na wazo la mwisho alilokuwa nalo nililijua.

"Saa tisa bado," alisema katikati ya meno.

"Wewe hufungi mpaka saa tisa. Padri alisema."

"Emama hajala."

Nikajaribu kumpenyeza kidole chenye chai shavuni. Akaning'ata. Nikajaribu tena, akageuza uso, chai ikamwagika kwenye gauni lake, na kichwa chake kikaanza kuning'inia upande. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kusema. Wahenga waliosema mwenye njaa hana miiko hawakumjua mama mkwe wangu, wala hawakumjua mjukuu aliyemlea.

Ndipo Emama alipopiga magoti. Magoti yale nyumbani huinama kanisani tu, na hata huko kwa kushikiliwa. Aliuchukua mkate wa Kadra, uliokuwa kando ya chupa ya chai, bila kuomba, akaumega, akauchovya kwenye chai ile ya maziwa mpaka ukalegea.

"Mahlet, mwanangu. Nitazame."

Akautia kinywani mwake mwenyewe.

Nilimwona akitafuna. Nilimwona akisita, shavu limetuna, kama kwamba koo lililofungwa siku za mfungo maisha yote halikumbuki njia. Kisha akameza. Akafungua kinywa, akamwonyesha mtoto kwamba ni kitupu.

"Umeona? Emama amekula. Sasa zamu yako."

Akamega tena, akachovya, akampelekea kwa vidole vyake mwenyewe. Ile ni gursha, tonge la kulishwa, na kwetu tonge la mkono wa mkubwa halikataliwi. Mahlet alifungua kinywa.

"La pili," Emama alisema. "Tonge moja tu huleta ugomvi. La tatu. Haya, na hili la nne, huyu mwenye mkate asije akasema Wahabeshi ni wachoyo."

"Na chai anywe," alisema Kadra.

"Emama kwanza," alisema Mahlet.

Emama akapiga funda. Mahlet akapiga funda. Wakaenda hivyo, mzee na mtoto, mpaka kikombe kikaisha na kingine kikamiminwa. Mimi nilikuwa nimeukamata mkono wa mwanangu, nikingoja urudi kuwa na joto, na nilikuwa nahesabu bila namba, ile hesabu ya mama ya tafadhali, tafadhali, tafadhali. Kurudi ulirudi, kuanzia ncha za vidole.

"Mama," alisema Mahlet kwa sauti yake mwenyewe, "gauni langu limelowa."

Nikalia, basi. Kadra akanitupia kitambaa.

Lakini sukari ya chai haikai. Lazima ifuatwe na chakula cha kushiba. Kadra alifunua sufuria yake: wali, na juu yake nyama ya mbuzi. Nyama ya Ijumaa, tena iliyochinjwa kwa bismillahi. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuila. Mahlet, aliyekuwa sasa na akili zake timamu, alimgeukia bibi yake akamngoja, na hapo naapa nilimwonea Emama huruma kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Emama alijipiga ishara ya msalaba kifuani. Akatia mkono.

"Ina pilipili?" alimuuliza Kadra.

"Kidogo."

"Hata si mbaya," alisema Emama, akamlisha mjukuu.

Hapo ndipo Getnet alipotokea, shati limemganda mwilini, anatweta. Aliiona sufuria, akamwona mama yake na kipande cha nyama mkononi, akadhani jua limempiga.

"Nimepata," alisema kwa sauti ndogo. "Mgahawa. Una chakula cha mfungo. Wanafungua saa kumi, na bei ni nusu..."

"Keti chini," alisema mama yake.

Akaketi. Emama akafinyanga tonge kubwa la wali na nyama, akamziba nalo mdomo.

Kadra alikataa malipo. Alisema akitaka hela ya wali angefungua mgahawa. Emama akavua kitambaa chake cheupe cha begani, ambacho alikifuma kwa mkono wake mwenyewe, akamfunika nacho Kadra magotini, na hawakuagana kwa maneno mengi.

Nilidhani Emama ataungama kwa padri, atapewa adhabu yake, na mambo yatarudi yalivyokuwa. Jumatano iliyofuata, nyumbani, asubuhi nilipokuwa namdunga Mahlet, mlango wa Emama ulifunguliwa. Alikuja akaketi mezani, saa zile ambazo miaka yote alikuwa kitandani na shanga zake za sala.

"Mahlet," alisema, "nimezeeka. Siwezi tena kungoja saa tisa. Lakini kula peke yangu mbele ya watu naona haya. Utanisaidia?"

Mahlet alimtazama kwa makini, akavuta kiti chake karibu.

Ni miaka mitatu sasa. Wanawake wa mtaani wakija kunywa kahawa siku ya mfungo, wakamkuta anatafuna mkate asubuhi, hutazamana. Mmoja, ambaye zamani Emama alimsimanga mbele za watu kwa kunywa maji kabla ya saa, humuuliza kila mara, "Emama, siku hizi hufungi?" na wenzake hucheka ndani ya vikombe. Emama, aliyejenga jina lake lote juu ya saa tisa, hutafuna tu, macho chini.

Anayejibu ni Mahlet, kinywa kimejaa.

"Mwacheni bibi yangu," huwaambia. "Ni mzee. Nisipokula naye, hali."