Pangaboi la Mkiani

Siku ya kutolewa mwali nilikuwa juu ya mabega ya mjomba, macho chini kama nilivyofundwa, niliposikia ndege yangu ya kwenye gemu ikiunguruma katikati ya ngoma. Sauti ilitoka kwenye televisheni iliyoletwa kijijini Kibuta kwa ajili ya muziki. Aliyekuwa akijiandaa kuirusha ni Hussen, mtoto wa shangazi.

"Nimeiunda mwenyewe," aliwaambia vijana wenzake. "Jioni naingia nayo mashindanoni."

Nilimchukia pale pale, na sijaacha.

Ndege ile niliiunda nikiwa mwali, nimefungiwa chumbani kwa bibi, sitoki, sionekani, sipazi sauti. Mama aliniachia simu nisikilize mawaidha. Nilisikiliza, kisha nikafungua gemu la kuunda ndege, kwa akaunti ya Hussen aliyekuwa kwao Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege. Ndege za wachezaji wengine zilifanana kama sare za shule. Yangu ilikuwa kituko: bawa moja fupi kuliko jingine, mapangaboi mawili mbele na moja mkiani, yote yakitazama juu ili ipae bila kukimbia, kisha yalale ili isonge mbele. Ilianguka hadi nikalia. Mwisho nikagundua kwamba la mkiani ndilo linatakiwa kulala kwanza, lisukume, huku ya mbele yakiendelea kuibeba. Ukianza na ya mbele, pua inachimba ardhi. Siku ilipokubali kuruka nilipiga vigelegele vya moyoni, maana vya mdomoni vilikatazwa.

Nikamwandikia Hussen aipeleke kwenye mashindano ya gemu hilo kwa jina langu. Sikutaka kingine, jina langu tu.

"Mwali ana jina?" alijibu. "Kaa ndani ufundwe. Madude ya kuruka tuachie wanaume."

Hata hakuuliza inavyorushwa.

Basi siku hiyo ya kutolewa, kwa pembe ya jicho, niliiona ikipaa, imenyooka, nzuri. Vijana wakashangilia. Hussen akabonyeza, mapangaboi ya mbele yakalala. Ndege ikainama, ikachimba, vipande vikatapakaa kioo kizima. Walimcheka mpaka wapiga ngoma wakageuka kutazama.

Akaja mbio akiwapangua wanawake, jasho linamtoka.

"We Yasmin! Linaanza lipi? Sema basi, muda unaenda!"

Bi Mwanamkuu, somo wangu aliyenifunda, alimsukuma kifuani. "Huna adabu wewe? Mwali hajibu mtu!"

Nikainamisha kichwa zaidi. Sijawahi kutii mila kwa raha kama siku ile.

Jioni aliiangusha tena, mbele ya waamuzi.

Kila Idd tunakutana kwao Kibaha, na bado ananiuliza linaanza lipi, eti kwa utani. Siku hizi naruhusiwa kumtazama mtu machoni. Namtazama, kisha namwongezea pilau.