Sentimita Nane za Tembo

Ramandeep alinipigia simu saa ya mapumziko, nikiwa nje ya darasa la saba na vumbi la chaki mpaka kwenye kiwiko. Hata salamu hakutoa.

"Nelima, hao tembo mtawapunguza lini?"

"Wamekukosea nini?"

"Mechi ishirini na mbili, wameshinda kumi na tisa. Huo ni mchezo ama ni kuchapwa? Watu wangu wa Kitale wanasema tembo wakibaki hivyo, hawachezi. Na mimi siwalazimishi, bana."

Nilimjibu vibaya kidogo, kwa sababu ndivyo nilivyo, kisha nikamwahidi nitalitazama. Alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye, binti wa duka la spea, ndiye aliyekuwa kiongozi wa wachezaji wa Kitale. Mimi, mwalimu wa hesabu huku Bungoma, ndiye niliyekuwa mtunza sheria na refa. Mashindano ya Juni 2006 yalikuwa yamebakiza siku kumi.

Mchezo wenyewe tuliletewa na Ritesh, ambaye kwao wana duka la vifaa vya ujenzi mjini Bungoma. Alirudi kutoka masomoni Uingereza na boksi la vinyago vya chuma, kila kimoja urefu wa kidole gumba. Vilipoanza kuvunjika tukafinyanga vyetu kwa udongo wa Matulo, tukavichoma, tukavipaka rangi iliyobaki kwenye mikebe ya dukani. Sheria ni nyepesi. Una pointi kumi na mbili za kuunda kikosi. Mtu wa mkuki ni pointi moja, mpiga mshale mbili, tembo nne. Mtu husimama juu ya kizibo cha soda. Tembo, kwa sababu ya ukubwa wake, husimama juu ya kifuniko cha mkebe wa kakao chenye upana wa sentimita nane. Unaweka rula mezani, unasogeza kinyago chako, unarusha dadu ukigusana na adui. Anayekishika kilima cha katikati kwa zamu tatu ameshinda.

Kinachoumiza kichwa ni usawa. Ni lazima tembo mmoja awe na thamani ya mikuki minne, si mitano wala mitatu. Akizidi kidogo tu, watu wote wanahamia kwake, na baada ya miezi miwili kila meza ni tembo kwa tembo na wachezaji wanapiga miayo. Nimewahi kukesha na hesabu hizo kuliko nilivyokesha na mitihani ya wanafunzi wangu, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa shida yangu ilikuwa hii: mtu aliyependa tembo kuliko sote alikuwa baba yangu.

Mzee Wakhungu alikuwa mpimaji ardhi wa serikali kwa miaka thelathini na moja. Alipima mashamba ya kule Kwanza, karibu na Kitale, akapanda miteremko ya Kapsokwony na vyuma vyake begani, na popote alipokwenda alibishana. Alibishana na wenye mashamba, na mabosi, na mhubiri baada ya ibada. Nyumbani alibishana nami, na mimi nilirithi mdomo wake wote, kwa hiyo majirani hawakuhitaji redio. Halafu mwaka uliotangulia kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ukafa ganzi, maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Daktari alituonya kwamba asiudhiwe, asikasirishwe, na habari hiyo ikaenea Bungoma nzima kabla hatujafika nyumbani.

Tangu siku hiyo hakuna aliyembishia, hata mimi. Akisema leo ni Jumanne, na ni Alhamisi, nilisema ndiyo Baba. Nilimeza ukali wangu miezi kumi na minne na ulikuwa unanichoma kifuani. Naye akanyamaza. Ukimuuliza chai au uji, alikuwa akijibu, "Sawa."

Ritesh ndiye aliyemleta mezani. Tembo walimfaa kwa sababu ni watatu tu, na mkono wa kushoto ungeweza kuwamudu. Siku ya kwanza aliposhika kilima alisema, "Nimekushinda, kijana," maneno mazima mawili, nami nikaenda nyuma ya duka la kina Ritesh kulia kati ya mifuko ya saruji. Kwa hiyo mnaelewa. Nikiwapunguza tembo, nilikuwa namnyang'anya baba yangu kitu pekee kilichomfanya aongee.

Lakini kumi na tisa kwa ishirini na mbili haifichiki. Nilipiga moyo konde. Mwendo wa tembo ulikuwa sentimita ishirini kwa zamu. Nikaukata mpaka kumi na nne. Nilimwambia Baba jioni hiyo, nikimkatia ugali vipande vidogo ili nisimtazame usoni.

"Tembo watakuwa wazito kidogo, Baba. Ni kwa ajili ya usawa."

"Sawa," alisema.

Baba wa zamani angerusha sahani. Nilitamani airushe.

Tulikwenda Kitale Jumamosi asubuhi kwa pikapu ya Ritesh, Baba mbele, mimi na Hesbon wa posta nyuma tukiwa tumepakata maboksi ya vinyago. Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la kina Ramandeep, meza nane, watu kumi na sita na ndugu zao waliokuja kutazama na kula sambusa.

Kufikia saa sita hesabu zangu zilikuwa zimeharibika. Watu wanne walikuwa wamechukua tembo. Watatu kati yao, Hesbon akiwemo, walichapwa mechi zote mbili za asubuhi, tena kwa aibu. Tembo wao hawakukifikia kilima kabla mikuki haijajaa juu yake. Wa nne, Baba, alishinda zote mbili.

Mwalimu wa hesabu hawezi kuona kitu kama hicho akala sambusa. Mechi ya tatu ilimkutanisha Baba na Ramandeep, na mimi nikasimama karibu, mikono nyuma, kama refa anayepita tu.

Baba aliweka rula mezani kwa mkono wa kushoto, polepole. Sifuri ikagusa ukingo wa mbele wa kifuniko cha tembo. Hapo sawa. Akamwinua tembo, akamtua mbele, na akaweka ukingo wa nyuma kwenye kumi na nne.

Ukianza kupima mbele, unamaliza mbele. Yeye alianza mbele akamaliza nyuma, na mwili mzima wa tembo ukawa umepita bure. Sentimita nane. Kumi na nne jumlisha nane ni ishirini na mbili. Tembo wake niliowapunguza walikuwa wakienda mbali kuliko tembo halali wa kabla sijawapunguza.

Nilimtazama Ramandeep. Alikuwa ameona. Huyu aliyenifokea kwenye simu kwa sababu ya tembo alikuwa akitazama ule mkono wa kulia uliolala mapajani mwa mzee, kisha akatazama dadu zake, akajitia hamnazo.

Nilimvuta Hesbon mpaka ngazini.

"Baba anapima vibaya. Tangu lini?"

Hesbon alikuna shingo. "Tangu mwezi wa pili hivi, mwalimu."

"Na hukusema?"

"Sasa mimi nimwambie mzee nini? Mkono ni mgonjwa. Si daktari alisema asikasirishwe? Hata Ritesh anajua. Sisi wote tunajua, bana. Tulifikiri hata wewe unajua, unanyamaza tu."

Mniwie radhi, nilimtukana. Kumi na tisa kwa ishirini na mbili, karibu zote za Baba! Nilikuwa nimekaa na hesabu usiku kucha nikiwatafutia tembo ubaya, na ubaya haukuwa wao. Ulikuwa adabu yetu. Kundi zima la watu wazima lilikubali kushindwa mwezi baada ya mwezi kuliko kumwambia mzee mgonjwa "umekosea," na mimi nikaichukua adabu hiyo nikaiandika kuwa sheria. Na sasa watu watatu wasio na hatia walikuwa wamechapwa kwa ajili yake.

Nilirudi mezani. Tembo wa kwanza alikuwa amekanyaga kilima. Watu wamesimama kuzunguka, wengine wakimshangilia, "Mzee! Mzee!" kwa sauti ile tunayomshangilia nayo mtoto anayejifunza kutembea. Nilijua nikinyamaza atashinda kombe, atarudi nalo Bungoma, nami nitaliona kabatini kila siku ya maisha yangu. Nikisema, huenda nikamuua. Sitii chumvi, niliogopa kweli kweli.

"Baba," nilisema. "Rudisha tembo nyuma. Sentimita nane."

Waliokuwa wakishangilia walinigeukia.

Baba aliinua macho. "Kwa nini?"

"Unapima mbele unamalizia nyuma."

"Mkono," alisema, akiutazama ule wa kulia.

"Nelima, aki, wacha tu," Ramandeep alininong'oneza.

"Siwachi. Mkono hausomi rula, Baba, macho ndiyo yanasoma. Umepima mashamba ya watu miaka thelathini na moja na hakuna aliyeondoka na futi moja ya jirani. Leo unaniambia hujui ukingo wa mbele na wa nyuma? Unaiba! Rudisha huyo tembo!"

Nilikuwa nimepiga kelele. Sauti yangu ya zamani, ile ya kuamsha majirani, ilitoka yote. Mkono wa Ritesh ulinishika bega. Uso wa Baba ulianza kubadilika, mdomo ukavutika upande ule mzima, nami nikawaza, Mungu wangu, kinarudi, nimemuua baba yangu mbele ya watu.

Alikuwa anacheka.

Alicheka mpaka chozi likamtoka. Kisha akaongea, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, na hakuna aliyethubutu kummalizia sentensi.

"Nilianza na upana wa kidole kimoja. Mwezi wa pili. Nikangoja. Hakuna mtu. Nikaongeza, vidole viwili. Nikasema, Ritesh ataona. Hesbon ataona. Hakuna. Nikasogeza tembo mzima. Mchana, mbele ya macho yenu. Nikasema, sasa watanigombeza." Alifuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Mkapiga makofi. Nikajua basi, nimeshakufa. Mnangoja tu kunizika."

Nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya kina Ramandeep. Nikasema, "Nisamehe, Baba." Nilimwambia nilikuwa naogopa. Nilimwambia nimemkosa, ingawa alikuwa mezani kwangu kila siku akila ugali wangu. Aliniwekea mkono wa kushoto kichwani, ukakaa hapo, mzito na wa moto.

"Inuka," alisema. "Refa hapigi magoti. Andika nimeshindwa zile mbili za asubuhi."

"Nimeandika."

"Na uwarudishie tembo wangu mwendo wao. Ishirini. Hawana makosa."

"Nitaurudisha Jumatatu. Sheria haibadilishwi katikati ya mashindano."

"Ni sheria mbaya!"

"Ni mbaya, lakini ndiyo iliyopo!"

"Nani alikufundisha hesabu wewe?"

"Ni wewe!"

Nikasikia Hesbon akicheka ngazini, kisha ukumbi wote. Baba alimshika tembo mwenyewe, akamrudisha sentimita nane, akapima mara mbili. Ramandeep alimchapa kwa zamu sita. Hakumhurumia hata kidogo. Alipomaliza hakusema pole, aliegemea kiti akamwambia, "Mzee, tembo wako wa kushoto ulimpeleka wapi? Umenipa kilima bure."

"Bure?" Baba alisema. "Panga tena."

Mashindano yaliendelea kwenye meza nyingine, na kombe likachukuliwa na mtu wa Kitale ambaye hata jina lake sikumbuki. Meza ya pembeni, ya Baba na Ramandeep waliojitoa, haikuingia kwenye hesabu yoyote. Walicheza mechi ya pili, na ya tatu, tembo kwa mwendo wa ishirini, jua likahamia dirisha la upande wa pili na sambusa zikaisha. Ramandeep alikuwa ameinama pua yake ikiwa karibu kugusa rula.

"Hiyo imepita moja, mzee."

"Nusu."

"Ni moja! Angalia hapa."

"Macho yako... yana shida. Nusu!"

"Refa!" aliita Ramandeep. "Nelima, kuja utuamulie!"

"Refa!" aliita Baba naye, kwa sauti iliyojaa ukumbi.

Waliniita mara tatu. Nilikuwa hatua nne tu kutoka pale, nimeegemea ukuta na rula mfukoni, na sikwenda.