Nimekubali, kwa Mashavu Haya

1.

Asubuhi ya Jumatano Shekue alijitazama kwenye kioo, akakuta shavu la kushoto limetangulia harusini. Limeumuka kama andazi.

Harusi yenyewe Ijumaa. Ilishaahirishwa mara moja, na Mzee Mbwana, baba yake bibi harusi Mwantumu, aliapa kwamba ikiahirishwa tena, mposaji atafute nyumba nyingine. Shekue akajifunga skafu, na Muheza yote inatoka jasho.

2. KUNDI LA KAMATI YA HARUSI

Mhina: Bwana harusi, skafu na jua hili?
Shekue: Jino.
Mhina: Jino limeota sikioni?

4.

(Ya 3 haifai kusomwa mbele ya watoto. Ni maneno ya kijiweni kuhusu matumbwitumbwi yakimpata mwanamume mzima, na mahali yanakoteremkia. Wewe msomaji umeshaelewa, usijifanye.)

5.

Alhamisi, ukweni. Bibi Mwajabu ndiye aliyemzaa Mzee Mbwana, na mume wa mjukuu ni mtani wake.

"Karibu, mume wangu. Mbona leo umekuja na sura mbili?"

"Jino, bibi."

"Pole. Kunywa juisi ya ukwaju basi."

Wanawake wa mtaa ule hawana haja ya maabara. Shavu likivimba, mwenye shavu hupewa kitu kikali, halafu hutazamwa macho.

Shekue akapiga funda.

Uwiiii.

Hakulisema hilo. Macho ndiyo yaliyosema.

"Tamu," alijibu, machozi yakimdondoka.

"Mbwana wee! Njoo umtazame mkweo!"

6. TANGAZO LA ZAHANATI

*Wananchi mnaarifiwa kuwa matumbwitumbwi husababishwa na virusi. Huambukizwa kwa mate, kukohoa, kupiga chafya na kunywea kikombe kimoja. Dalili ni homa, kuumwa kichwa, uchovu, uvimbe chini ya masikio na maumivu wakati wa kutafuna. Antibayotiki haziui virusi. Mgonjwa apumzike, anywe maji kwa wingi, na akae mbali na watu siku tano tangu uvimbe uanze. Kupaka masizi mashavuni hakutibu. Huchafua mito.*

7.

"Mashavu yatarudi yenyewe," alisema Tabibu Ndekirwa. "Na lile unaloogopa kuniuliza?"

Shekue akatazama dari.

"Wanaume wengine huvimba na huko. Kukosa kabisa watoto ni nadra. Ukisikia maumivu, usione haya, njoo."

Shekue alifurahi mpaka akataka kumkumbatia.

"Siku tano!" Tabibu akaruka nyuma.

8.

Mzee Mbwana: "Mimi sijawahi kuugua hayo madude. Mkono wa ndoa nitampaje?"

Shehe: "Mkono ni desturi tu. Akae barazani, sisi ndani, dirisha wazi. Lakini jibu lisikike. Mashahidi wasiposikia, hakuna ndoa."

Mzee Mbwana: "Vyema. Asiposikika, pilau tutakula bila yeye."

9.

Ijumaa. Nondo za dirisha. Shehe akasoma, Mzee Mbwana akamwozesha binti yake, ikabaki zamu ya barazani.

"Mmmbali."

"Mashahidi, mmesikia?"

"Tumesikia ng'ombe."

Nyumba ikaangua kicheko. Mwantumu hakucheka. Shekue aliviona vidole vyake vya hina vimeling'ang'ania pazia, naye akaogopa, akaogopa kwelikweli. Mke alikuwa pale, hatua chache tu, na angemkosa kwa sababu ya taya.

Mara ya pili.

Mmm

Mara ya tatu akaivua skafu, mtaa wote ukayaona mashavu. Akapanua mdomo, maumivu yakampanda hadi masikioni, na

NIMEKUBALI!

Wauza machungwa wa kituoni waligeuka.

"Mashahidi?"

Mashahidi walikuwa bado wanagaragara kwa kicheko. Hawakuwa wamesikia kitu.

"Mimi nimesikia," alisema Mzee Mbwana.

"Wewe ni walii, mwenye kuozesha, si shahidi," alisema Shehe.

"Nimesema nimesikia!"

Akasimama, akawatazama mashahidi mpaka wakanyamaza. Kisha akaenda dirishani na kupitisha mkono katikati ya nondo.

"Mbwana, huo mkono!" Bibi Mwajabu alipiga kelele.

Mzee hakugeuka.

"Sema tena, mwanangu," alisema. "Mara moja tu. Polepole."

Shekue akaushika ule mkono, akafungua mdomo, na safari hii hata mashahidi walisikia.