Siku Thelathini za Kumsahau Gitel

Wayahudi wacha Mungu wa mji wa Safed hawaapi ovyo. Ulimi ukiponyoka, wanaongeza haraka, "bila nadhiri." Lakini haya naapa bila kuongeza kitu, kwa ndevu zangu zote, nyeupe na zile tatu nyeusi zilizobaki: ni kweli tupu, sijatia chumvi hata ya kuonjea.

Gitel Rozner alikuwa na mwana mmoja, Zalmen, miaka thelathini na minane, mkarabati wa magombo ya Torati. Mkono wake ulikuwa imara kwenye herufi, miguu yake legevu kwenye ndoa. Mara mbili alichumbia, mara mbili harusi ikasogezwa mbele kidogo tu, na katika huo muda kidogo hofu ikamwingia, uchumba ukafa. Gitel akapata somo: Zalmen ni kama unga wa mkate wa Sabato, ukiuacha uumuke kupita kiasi unaporomoka.

Basi mwanzo wa kipupwe akapanda basi kwenda Amuka, kwenye kaburi la mtakatifu mmoja ambako watu huombea wachumba. Alisoma Zaburi mpaka kurasa zikalowa mvua, kisha akaomba kwa maneno yake mwenyewe. Gitel hata dukani alieleza kitu kwa urefu na upana, asije akaletewa kingine.

"Bwana wa ulimwengu, nipe mkwe kama mimi. Asiogope kazi, asiogope watu. Kama mimi, mimi kabisa. Usibadilishe kitu."

Mumewe Pinhas, mstaafu wa posta, alikuwa nyuma yake ameshika mwavuli.

"Maskini kijana," akanong'ona.

Hazikupita wiki sita, mshenga wa Haifa akapiga simu. Zalmen akaenda mara ya kwanza, akaenda ya pili, ya tatu. Kila akirudi ni "binti wa Birnboim hivi, binti wa Birnboim vile," anafundisha watoto viziwi, amembishia dereva wa teksi akamshinda. Gitel alisikiliza kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe. Safari ya nne kijana akaingia jikoni bila kuvua kofia.

"Mama, tumekubaliana."

Gitel alimbusu, akalia, akapangusa machozi kwa taulo ya vyombo. "Sasa huyo binti wa Birnboim ana jina, au kwao wanampigia mluzi?"

Zalmen akatazama viatu vyake. "Anaitwa Gitel."

Kwa watu wao, tangu wosia wa mzee mmoja mtakatifu wa karne nyingi zilizopita, mwanamume haoi msichana mwenye jina la mama yake. Zalmen alilijua jina hilo tangu siku ya kwanza, akalificha.

"Si ulisema asibadilishe kitu?" Pinhas akauliza.

"Nyamaza wewe, Pinhas."

Asubuhi yake Gitel alikuwa mlangoni kwa Rabi Meilech kabla rabi hajamaliza kahawa.

"Rabi, mmetufundisha kwamba siku arobaini kabla mtoto hajaumbwa, sauti mbinguni hutangaza: binti wa fulani ni wa fulani. Ni kweli au si kweli?"

"Kweli, mama."

"Binti wa fulani! Jina la baba. Jina la msichana mwenyewe halitajwi. Mbinguni hawaliulizi, nyinyi mnaliulizia nini?"

Rabi Meilech alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Umenibana. Lakini wosia ni wosia, na mtoto wao akipata hata mafua utakuja kunigongea. Ipo njia. Mmoja wenu aongezewe jina, na kwa siku thelathini kabla ya harusi watu wazoee kumwita hilo jipya. Kwa kawaida ni bibi harusi."

"Hapana," Gitel akasema. "Yule msichana amebeba jina la nyanya wa mama yake, aliyeuawa Ulaya pamoja na watoto wake wote ila mmoja. Marehemu hana mwingine wa kulibeba jina lake. Mimi la kwangu nimelivaa miaka sitini na miwili, limetoboka viwiko. Niongezeeni mimi."

Rabi akairudisha miwani puani. "Basi uwe Alta. Maana yake mzee. Mauti ikilisikia inadhani imeshapita hapo."

"Mzee ni wewe, Rabi. Mimi nitakuwa Menuha."

Menuha maana yake utulivu. Pinhas alipolisikia alipaliwa, akapigwa mgongo na watu wawili.

Sabato iliyofuata sinagogini wakamwombea mbele ya Torati, jina likaingia. Harusi ikapangwa siku ya thelathini na moja, na hapakuwa na siku ya akiba: baada ya hapo ni purukushani za Pasaka, kisha zile wiki za kuhesabu siku hadi sikukuu inayofuata, ambazo watu wao hawafungi ndoa. Mpaka zije kwisha, Zalmen angekuwa ameshaporomoka. Rabi alisema watu wazoee tu. Gitel alijiwekea sheria kali zaidi. Akiitika jina la zamani hata mara moja, hesabu inaanza upya.

Siku ya kwanza Shimshon muuza samaki alimwita kwa jina la zamani mara saba. Gitel aliendelea kukagua macho ya samaki. Mara ya nane Shimshon akanyanyua mikono. "Haya, Bibi Menuha! Unataka kambare au unataka kuniua?"

"Kambare hana magamba, sisi hatuli, Shimshon, na wewe unajua. Nipe perege wawili."

Pinhas naye akatafuta njia ya panya. "Mama Zalmen, chai."

Gitel akaendelea kukunja nguo.

"Mama Zalmen, nina kiu."

"Mama Zalmen halihesabiki. Sema jina."

Wiki ya pili jino likamuuma. Kliniki muuguzi alisoma kwenye karatasi, "Gitel Rozner!" Gitel, shavu limevimba kama mkate wa sikukuu, akafunua Zaburi. Akarudi nyumbani na jino lake. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu foleni nzima ikampigia muuguzi kelele: "Mwite Menuha, dada, tupate kwenda nyumbani!" Jino likang'oka. Wiki ya nne hata paka wa mtaa walikuwa hawaji kwenye makombo yake mpaka wasikie mtu akiita Menuha.

Siku ya ishirini na tisa Pinhas alipanda ngazi kusugua juu ya madirisha kwa ajili ya Pasaka. Ngazi ikateleza, ikaanguka. Pinhas akabaki ananing'inia kwenye bomba la paa kama shuka la kuanikwa.

"Gitel! Gitel, nakufa!"

Gitel alikuwa uani. Goti lake lilikwisha kuanza safari lenyewe. Miaka arobaini sauti ile ikiita, yeye huenda. Akaling'ang'ania goti kwa mikono miwili. Mbele yake aliona Zalmen wa miaka hamsini akila supu peke yake. Akafumba macho. "Bwana wa ulimwengu, mshike huyo mzee mpaka akumbuke."

"Gitel!"

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," akasema.

Saa nzima alining'inia, jua likasogea, majirani wakaleta viti.

"Menuha!" hatimaye akalia. "Menuha wangu, roho yangu, ngazi!"

Gitel aliisimamisha ngazi mbio kuliko zimamoto, akamshika miguu, akaibusu.

Siku ya thelathini na moja Zalmen alisimama chini ya hema la harusi, rangi imemtoka, miguu haikukimbia. Binti wa Birnboim alipofika, jambo la kwanza alilofanya ni kumwinamia mama mkwe na kumwambia, "Asante kwa jina langu, Mama Menuha." Gitel akamkumbatia, akalia, na safari hii hapakuwa na taulo.

Nimefika hapa, wino haujakauka, mtu akasimama nyuma ya kiti changu.

"Saa nzima, Pinhas? Miguu yako ilikuwa inagusa pipa la maji!"

Msomaji, sikusema mimi ni nani kwa sababu hukuuliza.

"Ilikuwa dakika," nikakiri. "Labda mbili."

"Na huyu Gitel aliyejaa humu kila mstari ni nani?"

Amehesabu kila "Gitel" kwa kidole, amerudia mara mbili, akanipa adhabu: Zaburi moja kwa kila mara moja, kwa sauti, nimesimama. Hivi sasa naandika nikiwa kati ya Zaburi ya kumi na moja na ya kumi na mbili, koo limekauka, chai naiona pale jikoni inatoa mvuke. Nimemwita Menuha vizuri kabisa, kwa jina lote. Haitiki. Anasubiri nimalize.