Ubao Mmoja wa Anti Ululani

Anti Ululani Pokini aliingia dukani Jumanne, kwenye saa tatu na nusu asubuhi, akiwa bado na sare yake ya udereva wa basi la shule. Hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wenye mbao za kuchezea baharini, akasimama mikono kiunoni na kuzitazama moja moja, kama anavyowatazama watoto waliotupiana vyakula kwenye kiti cha nyuma.

Makoa Teixeira alikuwa nyuma ya kaunta, anamalizia kipande chake cha musubi, tonge la wali na nyama lililofungwa kwa mwani. Alijifuta mikono kwenye kaptula, akatoka akiwa na tabasamu lake la kuuzia. Duka lile lilikuwa la shemeji yake, lakini watu wa mji ule wa bandari, Kahului, waliingia kwa ajili ya Makoa. Alikuwa amechukua kombe la kisiwa miaka miwili mfululizo kwa mchezo wa kupaa kwa tanga, na hakuwa mtu wa kuacha jambo hilo lisahaulike. Picha yake ilining'inia juu ya kaunta: tanga limejaa upepo, ubao uko hewani kabisa, na chini yake shingo nyembamba inayozama majini hadi kwenye bawa linalouinua.

"Karibu, Anti. Leo tunatafuta nini?"

"Ubao."

"Wa kupaa au wa kafi?"

"Wa vyote viwili. Mmoja."

Makoa alicheka. Alikwisha kusikia wageni wakiomba hivyo, watu wa likizo ya wiki mbili wanaotaka kuonja kila kitu. Kwa mtu wa hapa ilimshangaza. "Anti, ubao wa kupaa unataka uwe mfupi, mpana, mkia mnene wa kukanyagia. Ubao wa kafi unataka urefu, na mkia mwembamba ili ugeuke kwenye wimbi. Ukivichanganya unapata kitu kisichojua kazi yoyote. Chukua mbili, nitakupunguzia."

"Nimehamia ghorofani pale Wailuku. Msimamizi wa jengo ameniambia ubao mmoja tu kwenye korido, wa pili ataugeuza meza ya kupigia pasi. Na bega hili," alijigusa bega la kushoto, "halibebi vitu viwili tena."

"Basi chagua mchezo mmoja."

Anti Ululani alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Wewe una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Chagua mmoja."

Makoa alisogea ukutani, kwenye mbao.

Mama huyu alikuwa na miaka hamsini na saba. Alianza kupanda mawimbi akiwa amesimama na kafi mkononi tangu mchezo ule ulipokuwa unachekwa pwani, na miaka miwili iliyopita, baada ya mumewe kufariki, alijifunza kupaa, akaanguka msimu mzima bila kuacha. Sasa asipokwenda asubuhi yenye mawimbi, alijisikia kama hajanawa uso. Asipokwenda mchana wenye upepo, alikuwa mkali kwa watoto wa basi. Hayo hakumwambia Makoa siku ile. Alivua viatu tu.

Alimfanya ateremshe mbao tatu na kuzilaza juu ya zulia. Wa kwanza ulikuwa wa kiwandani, mrefu, wa buluu, umepakwa rangi kama gari jipya. Wa pili ulikuwa mfupi na mpana. Wa tatu ulikuwa wa manjano iliyokolea kama haradali, na Makoa aliuteremsha kwa aibu kidogo. Ulitengenezwa na mzee Haru Nakasone katika kibanda chake kule Haiku, na ulikuwa umekaa ukutani zaidi ya mwaka bila mtu kuuulizia.

Anti Ululani alipanda juu ya ule wa buluu, akafumba macho, akasimama. Makoa alitazama saa. Dakika nzima.

"Shimo la kuchomekea mlingoti liko pale pale ninapoweka wayo," alisema akiwa bado amefumba macho. "Nikipiga kafi kwa saa mbili nitatokwa damu."

Makoa alikuwa ameuza ubao wa namna ile mara kumi na moja. Hakuwahi kulijua hilo.

Kisha Anti akaupindua, akapitisha kidole kwenye mifereji miwili ya chini, ile ya kufungia shingo ya bawa. "Na nikilitoa bawa nikaenda kwenye mawimbi, mifereji hii itavuta maji. Mmeiwekea vifuniko?" Hawakuwa wameweka. Mwisho aliubeba ule ubao hadi kwenye ngazi za stoo, akajaribu kukata nao kona, akagonga pua ya ubao ukutani. "Ngazi za kwetu ni nyembamba kuliko hizi," alisema. "Nataka kuzijaribu zote tatu. Wiki moja moja. Asubuhi mawimbini, mchana kwenye upepo."

"Anti, hapa hatuazimi hivyo."

"Mwanangu, nimembeba mdogo wako miaka sita kwenye basi, na alikuwa anatapika kila Jumatatu."

Akaondoka na ubao wa buluu.

Oktoba ile bahari ilikuwa upande wake. Mawimbi ya kaskazini yalikuwa yameanza kufika, na upepo wa mchana ulikuwa haujakata. Basi lake lilikaa bure kuanzia saa tatu hadi saa nane, naye muda huo aliutumia wote. Wiki ya kwanza alirudi na alama ya kuvilia damu kwenye paja. "Kwenye mawimbi ni asali," alisema. "Kwenye upepo ni punda. Mkia mwembamba, mguu wa nyuma hauna mahali pa kukaa. Kila nikigeuza, naanguka." Wiki ya pili akarudisha ule mpana. "Huu unapaa hata ukiupulizia kwa mdomo. Lakini ukiupeleka kwenye wimbi unateleza kama sahani kwenye sinki. Hapana."

Makoa aligundua kwamba alikuwa anazisubiri ripoti hizo. Alikuwa amezoea wateja wanaouliza mbao zina ujazo wa lita ngapi, uzito gani, na nani ameshinda nazo. Mama huyu alizungumzia ubao kama mtu aliyeishi nao nyumba moja. Wiki ya tatu, alipochukua ule wa haradali, Makoa alifunga kaunta saa ya chakula cha mchana, akapakia ubao wake mwenyewe na kumfuata ufukweni Kanaha. Alijiambia anakwenda kulinda mali ya duka.

Upepo ulikuwa mzuri. Makoa alitangulia na ubao wake mdogo wa lita sitini na tano, ubao wa michezo na madoido, ambao ukisimama juu yake bila upepo unazama hadi kiunoni. Aligeuka nyuma kumtafuta Anti, na akamkuta hayuko nyuma. Alikuwa ubavuni, hewani, kimya, mgongo umenyooka, nywele zake nyeupe zimebanwa kwa utepe mwekundu. Mgongoni alikuwa amefunga mfuko mwembamba.

"Umebeba nini humo?" Makoa alipaza sauti.

"Kafi langu! La vipande vitatu!"

"Unaenda wapi, Tahiti?"

Anti alicheka, akageuza. Mguu wake wa nyuma ulijiweka mahali pake bila kutafuta, na ubao ukapiga kona pana bila kugusa maji. Makoa alikuwa ameshindana na vijana wa nchi saba. Aliona pale kitu ambacho wengi wao hawakuwa nacho: hakuna nguvu iliyopotea. Mama yule hakupambana na chochote.

Walikuwa mbali nje ya mwamba wa matumbawe upepo ulipokatika. Haukupungua polepole. Wingu lilishuka kutoka mlimani, hewa ikasimama, na mbao zote mbili zikatua majini kwa pamoja. Makoa alizama hadi kiunoni. Alicheka kwanza, kwa sababu jambo hilo humpata kila mtu. Baadaye aliangalia ufuo, akaona miti imesogea. Mkondo ulikuwa unawavuta kuelekea mdomo wa bandari, na upande wa pili wa ukuta wa mawe wa bandari lilikuwa linaonekana tishari la makontena kutoka Honolulu, likivutwa kuingia.

"Tuogelee," alisema.

"Uogelee na nini? Na tanga hilo shingoni?" Anti Ululani alikuwa tayari amekaa juu ya ubao wake, anafungua kamba za tanga. "Kunja lako. Livingirishe kwenye mlingoti. Usiharakishe, ukipoteza kipande utanililia."

Alisema kwa sauti ile ile ambayo watoto sitini huisikia kila asubuhi, na Makoa akatii. Alipomaliza, mama alikuwa amelaza tanga lake juu ya ubao, ameunga vipande vya kafi, na anajaribu kusimama. Alianguka mara moja. Mara ya pili akasimama, magoti yamelegea, miguu imepanuka pande zote mbili za mlingoti.

"Funga kamba yako ya mguuni kwenye mkia wangu. Lala kifudifudi. Piga maji kwa mikono, na usiongee."

"Anti, bega lako..."

"Nimesema usiongee."

Ilichukua zaidi ya saa moja. Makoa alilala juu ya ubao wake uliozama nusu, uso usawa wa maji, na alichokiona muda wote ni visigino vya Anti Ululani na mkia wa ubao wa haradali. Hapo ndipo alipouelewa ubao ule. Juu mkia ulikuwa mpana, wenye nafasi ya miguu; chini Haru alikuwa ameuchonga pembeni kwa mshazari, kiasi kwamba maji yalikutana na mkia mwembamba. Ubao mmoja, mikia miwili. Ulikuwa umekaa miezi kumi na minne juu ya kichwa chake, naye hakuwahi kuupindua.

Mama hakukimbilia ufuo moja kwa moja. Aliukata mkondo kwa mshazari, akapumzisha bega kila alipohesabu hamsini, akaupata mlango wa mwamba, na kusubiri mawimbi matatu yapite kabla ya kuingia. Tishari lilipita nyuma yao mbali, linanguruma. Mchanga ulipogusa mikono ya Makoa, alibaki amelala hapo hapo.

Anti Ululani aliketi kando yake, anashika bega. Halafu mabega yote mawili yakaanza kutikisika, na Makoa akadhani analia.

"Bingwa wa kisiwa," alisema kwa shida, machozi ya kicheko yanamtoka. "Makombe mawili! Nimekuvuta kama jokofu!"

"Anti, tafadhali usimwambie mke wangu."

"Mke wako? Nitawaambia abiria wa basi zima."

Walipokwisha kucheka, Makoa alisema, "Huu ubao ni wako. Umetuokoa. Twende nikuandikie risiti, na bei utaiweka wewe mwenyewe, Anti."

Anti aliupiga ubao kofi la upole, akatikisa kichwa. "Hapana. Sio huu."

"Anti!"

"Kutuokoa siku moja si sababu ya kuishi nao miaka kumi. Pua yake ni fupi. Jumapili kwenye mawimbi ilichimba maji mara nne. Kwenye upepo sina neno, mkia sina neno. Lakini kwenye kafi haujafika. Nipeleke kwa Haru."

Walikwenda Jumamosi, na boksi la malasada, maandazi ya sukari, ili kumlainisha mzee. Haru Nakasone alitoka kwenye kibanda chake, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, akasikiliza. Aliposikia pua ni fupi, alikunja uso.

"Miaka arobaini nachonga mbao. Hakuna aliyeniambia pua fupi."

"Kwa sababu waliujaribu kwa macho, Anko Haru," alisema Anti Ululani. "Mkia huu mtu mwingine kisiwani hajauwaza. Nimekuja kwa sababu hiyo. Ongeza inchi tano mbele, na uinue pua kidogo. Shimo la mlingoti lisogee kidole kimoja nyuma ya wayo wangu. Na mifereji uitengenezee vifuniko vya plastiki."

Haru alimtazama miguu. Kisha akachukua penseli kutoka nyuma ya sikio, akamwambia apande juu ya ubao wa haradali, akapiga magoti na kuchora nyayo zake zote mbili. Walibishana saa mbili nzima juu ya inchi tano, wakakubaliana nne na nusu. Makoa aliketi juu ya ndoo, akala malasada nne bila kujua, anasikiliza. Hakuna mtu aliyemuuliza maoni, naye hakuyatoa.

Ubao ulikamilika wiki ya mwisho ya Novemba. Ulikuwa mweupe, haukuwa na jina wala mchoro. Ulipita kwenye kona ya ngazi za Wailuku ukiwa umebaki na nafasi ya vidole viwili. Jumapili asubuhi, mawimbi ya kimo cha kifua, Makoa na Haru walisimama ufukweni na vikombe vya kahawa wakamtazama Anti Ululani akitoka kwa kafi. Aliacha wimbi la kwanza, na la pili. La tatu alilichukua. Ubao ulishuka, pua ikabaki juu ya maji, mama akaegemea kafi, na ule mkia wenye nyuso mbili ukauma maji na kugeuka kwa wepesi, mara moja, kisha tena.

"Nne na nusu zimetosha," Haru alisema polepole.

"Zimetosha, Anko."

Mchana wake alifunga bawa na tanga kwenye ubao ule ule, akapaa hadi saa tisa. Aliporudi, Makoa aliingia majini hadi magotini kumpokea tanga.

"Anti, nami zamu yangu lini? Nijaribu kidogo tu."

"Panga foleni." Alionyesha kwa kidevu. Kando ya maji, mzee Haru alikuwa amekwisha kukunja suruali na anavua miwani.